Maharage meupe yanayokataa kuiva: yafanyweje?

Swali: "Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Ipuli, Tabora, na ninapikia watu saba. Mwezi wa sita mwaka jana niliagiza debe la maharage meupe kutoka Kasulu. Yalikuja safi na makavu, nikayaweka stoo katika gunia la salfeti. Mwanzoni yalikuwa yanaiva vizuri. Tangu mvua zilipoanza ninayachemsha kuanzia asubuhi hadi mchana, mkaa unaisha, maganda yanabanduka, lakini punje zinabaki na kiini kigumu. Mkwe wangu anasema kosa langu ni kutia chumvi mapema. Jirani ananishauri nitie magadi. Wengine wanasema maji ya kulowekea yamwagwe, wengine wanasema nguvu yote ya maharage imo humo. Wiki iliyopita mkaa ulipungua, nikayaacha juu ya makaa yaliyofifia hadi jioni, tukayala yakiwa bado magumu kidogo. Usiku ule mjukuu wangu wa miaka mitano alitapika mara tatu, ingawa asubuhi aliamka mzima. Je, maharage haya yameharibika? Niyatupe?"

Shikamoo, mama. Pole kwa usiku huo, na ninamshukuru Mungu kwamba mtoto aliamka mzima. Ninaanza na yeye, kwa sababu katika yote uliyoandika hilo ndilo zito zaidi.

Kutapika saa chache baada ya kula maharage yaliyopikwa kwa moto hafifu kunafanana sana na madhara ya lektini, protini ambayo mharage huiweka ndani ya mbegu zake na ambayo hukera utumbo wa anayeila ikiwa haijaharibiwa kwa moto. Maharage mekundu makubwa ndiyo yanayoongoza kwa kuwa nayo nyingi, kiasi kwamba punje nne au tano zisizopikwa zinatosha kumwangusha mtu mzima kwa kichefuchefu. Meupe yana kiasi kidogo zaidi, takriban theluthi moja ya kile cha mekundu, lakini kinatosha kumsumbua mtoto. Dalili huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula, huanza na kichefuchefu na kutapika, mara nyingi hufuatiwa na kuharisha, na kwa kawaida hutulia zenyewe baada ya saa chache. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichompata mjukuu wako, maana chakula kilichokaa vuguvugu mchana kutwa kinaweza pia kuzalisha bakteria wanaotapisha, lakini sababu zote mbili zinatoka mahali pamoja: sufuria haikuchemka.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Ugumu wa maharage na sumu ya maharage ni vitu viwili tofauti. Maharage yaliyotokota barabara kwa saa tatu hayana tena lektini ya kudhuru, hata kama kiini chake bado kigumu, wakati maharage yaliyokaa juu ya makaa hafifu siku nzima yanaweza kuwa laini mdomoni na bado yakamtapisha mtu. Chini ya nyuzi joto 80 lektini haiharibiki, na imeonekana kwamba maharage yaliyopashwa kwa joto la chini namna hiyo yanaweza kudhuru kuliko hata yasiyopikwa kabisa. Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike ni hii: yaloweke si chini ya saa tano, mwaga maji hayo, tia mapya, kisha yachemshe kwa moto mkali, maji yakitokota waziwazi, kwa nusu saa kamili kabla ya kupunguza moto. Dakika kumi za mchemko wa kweli zinatosha kuiharibu lektini, lakini katika sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa si rahisi kujua mchemko ulianza lini na ulikatika lini, ndiyo maana ninasema nusu saa.

Kwa sababu hiyo hiyo, mama, usiyasage maharage makavu kuwa unga wa uji wa lishe wa mtoto bila kuyachemsha kwanza. Najua wako wanaoyakaanga kidogo kisha wakayapeleka mashineni pamoja na mahindi na karanga. Kukaanga kukavu si kinga ya kutegemea kwa lektini. Yalowekwe, yachemshwe, yaanikwe yakauke, ndipo yasagwe.

Sasa nije kwenye maharage yenyewe. Hayajaoza, na wala si upishi wako uliokosewa. Yamezeeka, na yamezeeka haraka kwa sababu ya mahali yalipowekwa. Punje ya maharage imejengwa na seli nyingi ndogo zilizojaa wanga na protini, na seli hizo zimeshikamanishwa na dutu iitwayo pektini kama matofali yanavyoshikamanishwa na udongo. Punje hulainika pale pektini inapoyeyuka katika maji ya moto na seli zikaachiana. Katika maharage ya msimu mpya jambo hili hutokea bila taabu. Lakini yakikaa miezi mingi katika joto na unyevu, fitati, ambayo ndani ya mbegu ndiyo inayoshikilia madini ya kalsiamu na magnesiamu, huvunjwa polepole na kimeng'enya cha mbegu yenyewe, na madini yale yakishaachiliwa huenda yakajifunga kwenye pektini na kuifanya isiyeyuke. Wakati huohuo dutu nyingine za mbegu hujiunga na kuta za seli na kuzidi kuzikaza. Hapo unaweza kuchemsha hadi jioni, maji yataingia, punje itavimba, wanga utaiva, lakini seli hazitaachiana, na ndicho hicho kiini kigumu unachokikuta unapotafuna.

Sasa angalia safari ya debe lako. Lilifika mwezi wa sita, likapita kwenye joto la Oktoba, ambapo stoo iliyoezekwa bati hapo Tabora huwa na joto kubwa kuliko lililopo nje kivulini, kisha mvua za Novemba zikaleta unyevu, na gunia la salfeti halizuii hewa wala unyevu hata kidogo. Joto na unyevu vikikutana ndipo kazi niliyoieleza hapo juu huenda kasi. Ndiyo maana uliona mabadiliko mvua zilipoanza.

Kuna jambo jingine dogo la mahali. Tabora iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni kama nyuzi 97. Tofauti ni ndogo, lakini inaongeza muda wa kupika, na kuongeza mkaa hakuwezi kuifidia, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ukoleze moto namna gani. Unachopoteza ni maji na mkaa. Baada ya ile nusu saa ya mwanzo, mchemko wa taratibu na mfuniko juu yake unapika sawa na ule wa kurusha maji nje ya sufuria.

Kabla ya kuamua lolote, yajaribu. Chukua punje kama ishirini, ziloweke usiku kucha, asubuhi zitazame moja moja. Punje nzima iliyokunywa maji huwa karibu mara mbili ya ukubwa wake, ganda limenyooka, na ukiikata katikati kwa kisu rangi ya ndani ni moja kutoka pembeni hadi katikati. Ukiona doa jeupe kavu kama chaki katikati, maji hayajafika. Zikiwapo nyingi ambazo hazikuvimba kabisa, zimebaki ndogo na ngumu kama zilivyoingia, hizo ganda lake limegoma kupitisha maji, mara nyingi kwa sababu zilianikwa kupita kiasi. Dawa yake ni kuzichemsha dakika mbili au tatu, kuzima moto, kuzifunika saa moja, kisha kuendelea na kuloweka. Zikivimba vizuri zote na bado haziivi, basi ni ule ugumu wa pektini, na kwa maelezo yako nina imani kubwa kwamba hapo ndipo ulipo.

Hapo ndipo chumvi inapoingia, na hapa mkwe wako, pamoja na watu wengi wanaoamini kama yeye, hayuko sahihi. Chumvi haikazi maharage. Inafanya kinyume chake: sodiamu iliyomo katika chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na magnesiamu iliyoikaza pektini, na pektini hiyo huyeyuka kwa urahisi zaidi. Faida yake huonekana kwanza kwenye ganda. Umesema maganda yanabanduka wakati kiini bado kigumu. Hiyo ni kwa sababu ganda limekakamaa, punje inavimba ndani yake, ganda haliwezi kunyumbuka, linapasuka. Maharage meupe yana ganda jembamba, kwa hiyo yanaonyesha tatizo hili mapema, na pia ndiyo yanayopokea vizuri tiba ya chumvi.

Kwa kilo moja ya maharage yaliyochambuliwa na kuoshwa, tia lita tatu za maji na vijiko vitatu vya chakula vya chumvi visivyorundikwa, iwe ya Uvinza au nyingine yoyote ya dukani, koroga hadi iyeyuke, uyaache saa nane hadi kumi na mbili. Usizidishe hapo katika miezi ya joto, kwa maana maji yakianza kutoa povu na harufu ya uchachu, asidi imeingia, na asidi huikaza tena pektini uliyotaka kuilegeza. Ukiona joto ni kali, badilisha maji katikati kwa kutia mengine yenye chumvi kiasi kilekile. Asubuhi mwaga, suuza mara mbili, pika kwa maji mapya. Sehemu kubwa ya chumvi huondoka na maji yale, ila kiasi fulani hubaki ndani ya punje, kwa hiyo usiongeze chumvi kwenye sufuria kabla hujaonja mwishoni. Kama nyumbani yupo mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, muulizeni kwanza daktari wake, au kwake tumieni maharage mapya yaliyolowekwa kwa maji matupu.

Jirani yako naye ana ukweli mkubwa kuhusu magadi, na sitaki kumdharau, maana elimu hiyo ni ya wazee na inafanya kazi. Maji yenye magadi huvunja pektini haraka. Shida yangu na magadi ni ya namna tatu. Yanaharibu vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri kwa familia inayokula ugali kila siku. Yakizidi kidogo tu, maharage meupe hugeuka manjano, mchuzi huteleza, na ladha inakuwa ya sabuni. Na la tatu ndilo linalonifanya nisiyashauri kwa nyumba yenye watoto: magadi mengi yanayochimbwa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na floridi ikizidi wakati meno ya mtoto yanaumbika huyaachia madoa ya kudumu. Magadi wanayonunua watengeneza sabuni ndiyo hata yasikaribie sufuria. Ikiwa chumvi peke yake haikutosha, tumia bikaboneti ya soda, ile inayouzwa madukani kwa kuokea, nusu kijiko cha chai kwa kilo moja ya maharage makavu, uitie kwenye maji ya kupikia. Ifanye hivyo kumalizia debe hili, lakini usiifanye mazoea.

Maji pia yana neno lake. Kama unapikia maji ya kisima yanayoacha utando mweupe ndani ya birika na ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi, basi unaongeza kalsiamu juu ya ile iliyokwisha kuyakaza maharage. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au maji ya bomba ya mradi wa Ziwa Victoria, ambayo yana madini machache. Wasomaji wa Kigoma wamewahi kuniuliza kuhusu maji ya Ziwa Tanganyika: yana magnesiamu nyingi, ambayo hukaza, lakini pia yana hali ya magadi kidogo, ambayo hulegeza, kwa hiyo kwa maharage hayana ubaya.

Kuhusu kumwaga maji ya kulowekea, mimi ninasimama upande wa kumwaga, ingawa wanaokataa hawasemi uongo mtupu. Kweli sehemu ya madini na ya vitamini ya foleti hutoka na maji hayo. Lakini protini, wanga na nyuzinyuzi, ambavyo ndivyo tunavyoyalia maharage, vinabaki. Kinachotoka pamoja na hayo ni sehemu ya lektini, ya fitati, na ya zile sukari ambazo utumbo wetu mdogo hauwezi kuzimeng'enya, zikashuka hadi utumbo mpana na bakteria wakazichachusha, tumbo likajaa gesi. Mwenye tumbo la kusumbuka ataona nafuu. Maji ya kupikia ndiyo usiyamwage. Yale ni mchuzi, na virutubisho vilivyotoka humo mnavila.

Siku ya kupika, anza na maji yanayoyafunika maharage kwa vidole vinne, moto mkali, engua povu jeupe linalopanda mwanzoni, hesabu nusu saa tangu maji yalipoanza kutokota, kisha punguza moto na funika. Maji yakipungua, ongeza ya moto, yasiwe ya baridi, maana kila ukitia ya baridi unaukata mchemko na unaanza upya kulipa mkaa. Maharage meupe madogo ya msimu mpya yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hadi moja na nusu. Haya yako, hata baada ya tiba ya chumvi, yape mbili au zaidi. Dalili ya kuwa yamekaribia ni hii: chota punje mbili tatu kwa kijiko, zipulize kidogo, ganda likinyanyuka na kujikunja kwa pumzi yako, yamekaribia. Kisha ibane moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Inapaswa kupondeka sawasawa, isiwe na kitu kinachoteleza na kukwepa katikati. Jaribu punje tano kutoka pande tofauti za sufuria, usiamini moja.

Nyanya, ukwaju na ndimu vikae mbali hadi hapo, kwa sababu asidi yake itayasimamisha maharage pale pale yalipofikia. Yakishapondeka ndipo uunge kwa kitunguu na nyanya, au kwa karanga zilizosagwa kama mnavyopenda Tabora, au kwa mawese kama wafanyavyo watu wa Kigoma. Mawese usiyaunguze hadi wekundu uishe, maana wekundu ule ndio unaobeba vitamini A. Na mkiweza, kuleni na machungwa, na chai ingoje kidogo baada ya chakula, ili madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage yapate kuingia mwilini. Meupe yana faida hapo, kwa kuwa ganda lake halina rangi nzito ya ukakasi inayozuia chuma kama lilivyo la maharage meusi na mekundu.

Ukiweza kupata presha kuka, ya jikoni au ya umeme, kwa maharage ya namna hii ndicho chombo ninachokipendekeza kuliko chochote, kwa sababu ndani yake maji hupita nyuzi 110 na urefu wa mahali haukusumbui tena. Usiijaze zaidi ya nusu, tia kijiko cha mafuta kutuliza povu, na maharage yaliyolowekwa kwa chumvi uyape dakika ishirini hadi thelathini. Wengine hulifunika sufuria ndani ya kapu lililojazwa vitambaa ili liendelee kuiva bila moto. Ni njia nzuri ya kuokoa mkaa, ila sufuria iingie humo baada ya ile nusu saa ya kutokota, na maharage yachemshwe tena kabla ya kuliwa.

Basi niyatupe? Hapana, ikiwa baada ya kuloweka kwa chumvi na bikaboneti kidogo yanapondeka. Yakishindikana hata hivyo, yapike kwa presha, yaponde, uyachanganye na viazi au mahindi, hapo ugumu hausikiki. Yenye harufu ya uvundo, yenye ukungu, au yaliyobadilika kuwa na vumbi na matundu mengi ya wadudu, yatupe. Na punje zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au bluu ni mbegu za kupanda zilizotiwa sumu. Haziliwi na mtu wala kuku, na kuziosha hakuziponyi.

Mtoto akitapika tena na asiweze kubakiza hata maji, akilegea, akikauka mdomo, akikosa mkojo kwa saa nyingi, au ukiona damu, usisubiri asubuhi: mpe maji ya ORS kidogo kidogo na mpeleke zahanati, ukieleza alichokula na saa aliyokula. Fanya vivyo hivyo akitapika baada ya kula maharage yaliyowahi kupakwa dawa ya kuhifadhia na aliyekuuzia hakumbuki ni dawa gani.

Kwa msimu ujao, nunua kidogo kidogo kwa matumizi ya miezi mitatu au minne, au ukitaka debe zima, liweke kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, mahali penye kivuli, mbali na bati na mbali na moshi wa jiko, maharage yakiwa yamekauka kiasi cha kuvunjika yakitafunwa na si kubonyea. Afisa ugani wa kata yako anaweza kukuonyesha namna ya kuufunga mfuko huo, kwa sababu ukifungwa ovyo hausaidii. Na kabla hujalipia debe, omba kilo moja, ipike nyumbani, ndipo urudi kwa muuzaji.